Wa Nyuma Hawasikii

Mtaani walikuwa na utani mmoja juu ya nyumba ile na hawakuuchoka. Mume walimwita Sandali, mke walimwita Mama Buti, na muuza mkaa wa pale kona kila alipowaona wakipita pamoja aliuliza kwa sauti, "Leo nani anamvalisha nani?" Watu wakacheka. Mama Buti naye alicheka kidogo, meno nje, ndani anatokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Sandali hakucheka wala hakukasirika. Alichechemea mpaka nyumbani, akakaa kwenye benchi lake, akanyamaza.

Jina hilo la Sandali halikuokotwa barabarani. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe, na hapo ndipo palipomuuma mkewe. Alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mabati. Siku moja bunda la mabati lilichomoka kwenye mnyororo likatua juu ya mguu wake wa kulia. Alikuwa amevaa buti za kiwanda, zile walizogawiwa na kuambiwa zina chuma mbele. Buti ilibonyea kama boksi la karatasi. Vidole vyote vya mguu ule vikaenda na maji.

Hospitali ikagoma kumtoa mpaka gharama zilipwe. Akaja Meneja Ununuzi wa kiwanda, mtu wa miwani ya kumetameta na kauli tamu, maana yeye ndiye aliyenunua buti zile. Kitu cha kwanza aliomba buti iliyobonyea. Akaitia ndani ya mfuko mweusi, akasema inaenda kuchunguzwa. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda. Kiwanda kitalipa kila kitu, alisema, ilimradi mgonjwa akipata nafuu aje aseme maneno mawili matatu kwa wenzake, wawe waangalifu. Jambo dogo tu.

Jambo dogo lenyewe likawa hili: asubuhi, uani mwa kiwanda, wafanyakazi wote wamepangwa mistari, Sandali juu ya jukwaa la kupakilia, upande mmoja mkongojo na upande wa pili mkewe amemshika mkono. Akasema alivyofundishwa kusema. Nilikuja kazini na sandali. Ni uzembe wangu mwenyewe. Aliyasema kwa sauti ya chini, macho kwenye bandeji. Meneja Ununuzi akainua kidole.

"Sauti! Wa nyuma hawasikii."

Akarudia. Wa nyuma wakasikia. Tangu siku ile hakuna kiwanda kilichomtaka, maana wapakiaji ni watu wa kuhamahama na maneno huhama nao. Mama Buti siku ile hakutoa neno. Alimkazia macho meneja yule kuanzia mwanzo hadi mwisho ili amkariri sura. Meneja hakumtupia jicho hata mara moja. Kwake, mwanamke yule alikuwa sehemu ya mkongojo.

Mama Buti alipotoka pale aliacha kazi yake ya kuuzia maduka vikombe na sahani, akaenda kuomba kazi kwenye kampuni inayoviuzia viwanda glovu, helmeti na viatu vya kazi. Walipomuuliza angependa kuuza nini zaidi, alijibu bila kufikiri. Buti.

*

Mkuu wa mauzo pale alikuwa mama mtu mzima, mnene, mcheshi, mkali kama pilipili. Wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na somo moja tu, akilirudia kila Jumatatu huku akikoroga chai.

"Muuzaji mbovu anaongea. Muuzaji mzuri anauliza. Ukimwambia mteja ana tatizo, atakubishia mpaka jua lichwe. Muulize. Atakueleza mwenyewe, na alilolisema mwenyewe hawezi kulikana. Halafu ukishauliza, funga huo mdomo! Kimya kikikuwasha, jikune. Lakini usimjibie."

Wenzake wote walisikia biashara. Mama Buti alisikia kitu kingine kabisa. Kuna mtu alimlazimisha mume wake aseme uongo kwa mdomo wake. Basi naye huyo mtu atasema ukweli kwa mdomo wake. Hakutaka fidia, hakutaka pole, hakutaka mtu afungwe. Alitaka maneno tu, yatoke pale pale yalikotakiwa kutoka. Usiku na mchana aliliwazia hilo, na wiki ile Bi Mkubwa alipotangaza kwamba kiwanda cha mabati kimekubali kuwapokea, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jioni ya kuamkia mkutano alikuwa jikoni akijifua. Mama mkwe wake alikuwa akimenya viazi, na kwa kuwa hapakuwa na mteja mwingine, ikabidi awe yeye.

"Mama, hicho kisu unakionaje?"

"Kisu ni kisu."

"Na kinapokusumbua, kinakusumbua wapi hasa?"

"Kinanisumbua kwamba ni butu, na wewe unajua ni butu. Nimeshakwambia, ukanyamaza kama hukusikia."

"Kikiendelea kuwa butu, unadhani itakuwaje?"

"Nitajikata kidole, halafu humu ndani tutakuwa wawili."

Sandali, kwenye benchi lake mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa muda mrefu hawajamsikia akicheka. Kisha akaacha. "Kesho unakwenda kwake," alisema.

"Nakwenda."

"Kuuza."

"Kuuza, ndiyo."

Sandali hakuongeza neno. Alimtazama tu mkewe kwa yale macho yake ya upole, akasubiri. Mama Buti akageuza sufuria, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, na mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Nataka aseme! Sawa? Nataka aseme pale pale, bosi wake anasikia. Kama alivyokusemesha wewe. Hilo tu ndilo ninaloliendea."

Mama mkwe aliweka kisu chini. "Mwanangu, mimi simpendi mtu yule. Kila nikisali namtaja, na simtaji kwa heri. Lakini hii nyumba inaendeshwa na mshahara wako. Ukienda ukaharibu, tutakula hayo maneno yake?"

"Sitaharibu, mama."

"Haya. Mimi nimeuliza tu. Si ndiyo mtindo wenu siku hizi?"

*

Kwenye mapokezi ya kiwanda, Mama Buti na mkuu wake walikalishwa kwenye viti vya plastiki mpaka Bi Mkubwa akaanza kusinzia. Mlinzi aliwapekua mikoba kana kwamba wamekuja kuiba mabati. Hatimaye waliitwa ndani. Meneja Ununuzi aliipokea kadi ya Mama Buti, hakuisoma, akaiweka chini ya glasi yake ya chai isije ikachora meza. Alimtazama usoni, akatabasamu, akasema karibu dada. Hakumjua. Mama Buti alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Alihisi uso unawaka moto.

Mwenye kiwanda mwenyewe alikuwepo, mzee mkavu aliyekaa pembeni akigongagonga fimbo yake sakafuni, macho nusu yamefumba. Wote walimwita Mkurugenzi.

"Haya, tuelezeni buti zenu," alisema Meneja Ununuzi. "Kwa ufupi tafadhali. Nimeshasikia wauzaji wengi."

"Tutaeleza," alisema Mama Buti. "Lakini kwanza, hizi mnazotumia sasa, ni kitu gani kiliwafanya mzichague?"

Meneja akajinyoosha. Wauzaji aliowazoea hufungua makabrasha na kuanza kubwabwaja. Huyu alimpa nafasi ya kujisifu, na hakuiacha ipite. Alizichagua kwa sababu ya bei. Yeye ndiye aliyepunguza gharama, hata Mkurugenzi ni shahidi.

"Hongera. Na zinadumu?"

"Zingedumu kama wangezitunza. Wafanyakazi wetu, dada, unawajua."

"Zikichanika kabla ya muda wake, nani anazilipia?"

"Aliyezichana. Tunamkata kwenye mshahara."

Jicho moja la Mkurugenzi likafumbuka. "Tunawakata?"

"Kidogo tu, mzee."

"Mzigo ukifika," Mama Buti aliendelea, sauti laini kama ya muuguzi, "mnajuaje kwamba chuma kimo?"

"Imeandikwa kwenye kiatu."

"Na ndani mnahakikishaje?"

"Dada, hatuwezi kupasua viatu tunavyonunua." Alicheka peke yake. Jicho la pili la Mkurugenzi likafumbuka. Goti la Bi Mkubwa liligusa la Mama Buti chini ya meza, kumpa hongera.

"Je, imewahi kutokea buti ikaangukiwa na kitu kizito?"

"Hapana. Yaani, kuna mmoja aliumia, lakini yule alikuja kazini na sandali." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sandali! Kwenye kiwanda cha mabati! Watu wengine ni mizigo tu."

Damu ilimpanda Mama Buti mpaka masikioni. Alijikaza kisabuni. "Baada ya ajali ile mlizichunguza buti zenu?"

"Tulichunguza, ndiyo, kama utaratibu."

"Ndani mlikuta nini?"

Feni juu ilizunguka. Meneja Ununuzi alivua miwani, akaitazama, akaanza kuifuta kwa tai yake. Mkurugenzi alikuwa ameacha kugongagonga fimbo. Jasho lilimtoka meneja pale juu ya mdomo, na mdomo wenyewe ukafunguka, ulimi ukasogea, neno liko njiani. Mama Buti aliliona linakuja. Alikuwa amelingoja kwa hamu mno, na pale pale hamu ikamponza.

"Plastiki, siyo?" ilimtoka. "Mlikuta plastiki!"

Bi Mkubwa alifumba macho. Meneja Ununuzi akavuta pumzi, akavaa miwani yake. "Aa, dada yangu. Hilo umelisema wewe. Mimi sijasema plastiki wala si plastiki." Akamgeukia mzee. "Unaona, mzee? Hawa kazi yao ni kuponda mali za wenzao."

Mchezo ulikuwa umekwisha. Kama si Bi Mkubwa kuingilia, wangetoka hapo mikono mitupu. Alimgeukia Mkurugenzi moja kwa moja, akamuuliza kwa heshima, "Mzee wangu, kama ungekuwa na uhakika chuma kimo, ingekusaidia nini?"

Mzee alifikiri. "Ningelala," alisema. Kisha akasema wabadilishe buti zote, za kiwanda kizima, na akamsifu meneja wake kwa kuwaleta wageni hawa. Meneja Ununuzi aliwasindikiza hadi kwenye gari akiwa ametakata uso, akampa Mama Buti mkono. "Maswali yako makali, dada! Lakini unajua, nimejisikia mwepesi."

*

Ndani ya gari Bi Mkubwa aliimba mpaka kwenye mataa, kisha akaacha ghafla. "Umemjibia. Wewe! Neno lilikuwa liko kwenye meno, ukamwondolea. Kama si mzigo kuuzwa ningekuzaba kofi."

Mama Buti alikuwa akilia kimya kimya, amegeukia dirishani. Bi Mkubwa akadhani ni furaha ya mauzo makubwa, akampapasa begani. Ilikuwa hasira. Amempa mtu yule mkate alioutaka mwenyewe, tena amempakia siagi. Amekwenda kumchoma, amemkanda mgongo. Nimejisikia mwepesi! Alitamani kushuka akarudi kwa miguu amnyang'anye wepesi wake.

"Sasa tukabidhi vizuri," Bi Mkubwa alikuwa akisema. Makabidhiano yake yalijulikana viwanda vyote. Anaweka kikombe cha chai cha udongo ndani ya buti mpya, pale vidole vinapokaa, halafu mtu anaangushia kipande cha chuma kizito mbele ya wafanyakazi. Kikombe kikitoka kizima, hakuna haja ya hotuba. Kisha aliyechagua buti kwa niaba ya kiwanda husimama hapo hapo, wavaaji wamuulize lolote, wala hakuna anayemjibia. Bi Mkubwa aliushikilia utaratibu huo kama dini. Alisema mvaaji aliyeuliza leo hatalalamika kesho. "Shida ni mwangusha chuma wetu, ameugua. Nahitaji mtu mwenye kifua."

Mama Buti alifuta machozi kwa kiganja. "Mtu ninaye," alisema.

Mtu mwenyewe alikataa katakata. "Siendi," alisema Sandali. Hakupandisha sauti. "Pale sisimami tena. Nilisimama mara moja, ikatosha."

"Safari hii huendi kusema. Unakwenda kuuliza."

"Uulize wewe. Wewe ndiye fundi wa maswali."

"Mimi nimeshindwa!" Akamsimulia yote, feni, miwani, tai, jinsi neno lilivyofika mdomoni na jinsi alivyolirudisha tumboni kwa papara yake. Alijisema kwa ukali mpaka mama mkwe akamwambia basi mwanangu, umejipiga vya kutosha. Sandali alisikiliza, kichwa kimeinama. Mkewe alipofika kwenye ile habari ya mizigo, "watu wengine ni mizigo tu", kichwa kikainuka.

"Alisema hivyo?"

"Kama ninavyokwambia."

Mama mkwe alikuwa ameacha kupepeta mchele. "Swali lenyewe lipi?" Sandali aliuliza hatimaye.

Akampa. Lilikuwa fupi.

"Na asiponijibu?"

"Unanyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ajibu. Atakutania, atakukemea, atageukia wengine. Wewe usimsaidie. Hapo ndipo mimi nilipoharibu."

"Ni hicho tu? Kunyamaza?"

"Hicho tu."

"Hicho," alisema Sandali, "naweza."

Mama Buti alimtazama mume wake. Miaka yote ya ndoa amemgombeza kwa ajili ya kimya hicho hicho. Unaongea na ukuta, alizoea kusema. Akaona aibu kidogo, halafu akaona raha kubwa.

*

Ua ulikuwa vile vile. Jukwaa lile lile la kupakilia, mistari ile ile ya wafanyakazi, ila sasa wote miguuni wana buti mpya zinazolia kwa kila hatua. Mkurugenzi alikalia kiti kivulini. Meneja Ununuzi alisimama juu ya jukwaa, tai mpya, mikono nyuma kama bwana harusi. Sandali alipanda ngazi taratibu akiwa na koti la kampuni na helmeti iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Buti yake ya kulia ilikuwa imejazwa vitambaa mbele. Meneja hakumjua. Wapakiaji walimjua kwa mwendo. Minong'ono ikapita mstari hadi mstari, ikafa.

Kikombe kikaingizwa. Sandali akakinyanyua kile chuma mpaka usawa wa kifua, mishipa ya shingo imemtoka, akakiachia. Mshindo ulisikika hadi barabarani. Akainama, akatia mkono ndani ya buti, akatoa kikombe kizima, akakiinua juu. Watu wakashangilia, na Meneja Ununuzi akapiga makofi kuliko wote.

"Sasa," Bi Mkubwa alitangaza, "aliyewachagulia buti yuko mbele yenu. Muulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alitazama buti zake. Meneja alitabasamu, akaanza kugeuka.

"Mimi nina swali."

Ni Sandali. Alikuwa amevua helmeti, kaiweka chini kando ya kikombe. Meneja Ununuzi alimtazama uso, akashuka macho hadi kwenye mguu wa kulia, akapanda tena. Lile tabasamu lilibaki pale pale lakini halikuwa na mwenyewe.

"Wewe si wa kampuni?" alisema. "Maswali ni ya wavaaji."

"Nimewahi kuvaa," alisema Sandali. "Siku ile niliyoumia, nilikuwa nimevaa nini?"

Uani hapakusikika kitu. Hata mashine za ndani zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya sherehe. Meneja alikohoa. "Ndugu yangu, hayo tulishayamaliza. Leo ni siku ya furaha." Sandali hakujibu. "Si tulikulipia hospitali?" Sandali hakujibu. Akajaribu mzaha, kitu fulani kuhusu watu wanaopenda jukwaa, na hakuna aliyecheka, wala wale waliozoea kumchekea. Jasho likamtoka pale juu ya mdomo.

"Mama," alimgeukia Bi Mkubwa, "tuendelee na ratiba, tafadhali."

Bi Mkubwa alimtazama Sandali. Akamtazama Mama Buti, aliyesimama chini ya jukwaa, mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka. Hapo akaelewa kila kitu: kwa nini mwanamke huyu alitaka buti, yale machozi ndani ya gari, mtu mwenye kifua. Uso ulimbadilika. Mteja wake mkubwa wa mwaka alikuwa akimwomba amwokoe, na neno moja tu lingetosha. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka yeye ni nani na amefundisha nini maisha yake yote, akaufunga.

Mama Buti aliuma ulimi kwelikweli, akasikia ladha ya damu. Nyamaza, alijiambia. Nyamaza, wewe mwanamke, usimjibie. Juu ya jukwaa mume wake alisimama mikono ubavuni, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Hakumkazia meneja macho ya chuki. Alimtazama tu kwa upole, kama alivyowatazama wote siku zote, na upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Amekuuliza," alisema Mkurugenzi kutoka kivulini. "Mjibu."

Meneja Ununuzi alivua miwani. Safari hii hakuifuta. "Buti," alisema.

"Za nani?" aliuliza Sandali.

"Za kiwanda." Alikuwa akiongea na tai yake. "Hazikuwa na chuma. Ilikuwa plastiki. Hakuja na sandali."

Sandali aliinua kidole.

"Sauti!" alisema. "Wa nyuma hawasikii."

Akarudia. Alirudia yote, moja moja, sauti ikimpasuka katikati. Wa nyuma wakasikia. Mama Buti alikuwa amewaza mara nyingi kwamba siku hiyo ikifika labda atamwonea mtu yule huruma, kwa sababu watu husema huwa hivyo. Hakumwonea. Alifurahi mpaka akashika ukingo wa jukwaa asianguke.

*

Getini Bi Mkubwa alimsubiri, mkoba kifuani. "Umemtumia mteja wangu kulipiza kisasi chako," alisema.

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Kesho usije. Nikikutaka nitakuita." Akafungua mlango wa gari, akasita. Alimtazama Sandali aliyekuwa akija polepole na buti zake mpya. "Huyo," alisema, "angekuwa muuzaji wa hatari." Akaondoka bila kuwapa lifti.

Walikwenda kwa miguu. Mama Buti alisema njia nzima, akarudia kila neno, akaigiza miwani na tai, akacheka, akalia, akasema sasa mama atatuuliza mshahara nitamjibu nini, akacheka tena. Sandali alichechemea kando yake akimsikiliza. Walipofika kona, muuza mkaa aliwaona kwa mbali, akajifuta mikono kwenye suruali. Habari za kiwandani zilikuwa bado hazijafika kwake.

"Sandali!" aliita, na wanunuzi wake wakageuka wakiwa wameshaanza kutabasamu. "Leo nani anamvalisha nani?"

Sandali alisimama. Siku zote hupita. Alimsogelea muuza mkaa, akasimama mbele yake, akamtazama kwa upole.

"Unamwita nani Sandali?" aliuliza.

Muuza mkaa akacheka kidogo. Akawatazama wanunuzi wake. Akajikuna shingo, ikaingia masizi. Mama Buti alikuwa na jibu tayari, tena kali, liko kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akavuta gunia tupu, akalitandika juu ya jiwe, akaketi, akakunja mikono. Kesho hakuwa na pa kuwahi, na mumewe naye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunyamaza. Hawakuwa na haraka.